Msimbo Mmoja, Kompyuta Mbili: Historia ya Hifadhidata za Mezani katika Ofisi za Afya, Ikitazamwa kutoka Busasamana, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inachunguza kipindi ambacho takwimu za afya katika Afrika Mashariki zilihifadhiwa katika hifadhidata za kompyuta za mezani, kabla ya mifumo ya mtandaoni kuenea kuanzia mwaka 2011. Inajikita katika tatizo moja lililowasumbua watumishi wengi: programu ileile hufanya kazi vizuri katika kompyuta moja na kushindwa katika nyingine. Hoja kuu ni kwamba tofauti hiyo haikuwa ajali ya kiufundi pekee. Ilikuwa alama ya historia ya lugha, ya ununuzi wa vifaa na ya mgawanyo wa utawala. Kwa kutumia sekta ya Busasamana, Wilaya ya Rubavu, kama mahali pa kutazamia, makala inabainisha aina tatu za hitilafu, inaonesha kwamba ile isiyotoa ujumbe wowote ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, na inapendekeza jinsi watafiti na washauri wa sera wanavyopaswa kuzisoma faili za kipindi hicho.

1. Utangulizi

Historia ya teknolojia ya habari katika eneo letu imezoea kuandikwa kwa tarehe za uzinduzi: mfumo fulani ulianza mwaka fulani, mwingine ukaurithi mwaka fulani. Historia ya namna hiyo husaidia, lakini huacha nje maisha ya kila siku ya mifumo hiyo, hasa siku ambazo mifumo yenyewe haikufanya kazi. Mwanahistoria wa reli hujifunza mengi kutokana na ajali za treni. Vivyo hivyo, mtu anayetaka kuelewa jinsi serikali zilivyohesabu watoto waliozaliwa, waliochanjwa na waliofariki hana budi kuangalia mahali ambapo hesabu hizo ziligoma.

Programu iliyotumika sana katika kazi hiyo ni Microsoft Access, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Sababu za kupendwa kwake zinaeleweka. Ilikuja pamoja na programu za ofisi ambazo tayari zilikuwa zikinunuliwa, haikuhitaji seva, na mtu asiye mhandisi aliweza kujenga fomu na ripoti kwa muda mfupi. Nchini Afrika Kusini, baada ya mabadiliko ya mwaka 1994, mradi wa HISP ulitumia Access kujenga matoleo ya mwanzo ya mfumo wa DHIS wa takwimu za afya za wilaya. Mfumo huo baadaye ulitumika pia Zanzibar. Nchini Rwanda, hifadhidata iliyoitwa GESIS, nayo ikiwa imejengwa juu ya Access, ilitangulia mfumo wa mtandaoni uliopokewa mwaka 2012.

Faili ya Access ilikuwa na uzuri wake na hatari yake. Takwimu na msimbo viliweza kukaa pamoja katika faili moja, na faili hiyo ikanakiliwa kwenye diski na kusafirishwa kwa basi kutoka mji mkuu hadi wilayani. Hata hivyo, kilichosafiri kilikuwa faili tu. Mazingira ya kompyuta ambamo msimbo uliandikwa yalibaki nyuma.

2. Mahali na nyakati zake

Busasamana ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi, kaskazini mwa mji wa Gisenyi, kwenye mpaka na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni eneo la udongo wa volkeno, mkabala na mlima Nyiragongo, na wakazi wake hulima viazi kwa wingi. Wilaya yenyewe ilitokana na mageuzi ya utawala ya Januari 2006, yaliyofuta mikoa ya awali, ukiwemo Gisenyi, na kuunda mikoa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya 30 na sekta 416. Katika mpangilio huo, takwimu za vituo vya afya hupanda kutoka kituoni hadi ngazi ya wilaya na hospitali yake, kisha hadi wizarani.

Kutazama suala hili kutoka Busasamana kuna faida mbili. Kwanza, ni pembezoni kwa maana ya mgawanyo wa vifaa: kompyuta na matoleo mapya ya programu huanza mjini na kufika mpakani baadaye. Pili, ni mahali ambapo tabaka za lugha hukutana. Utawala wa Kibelgiji, uliokoma mwaka 1962, uliacha Kifaransa kikiwa lugha ya ofisi pamoja na Kinyarwanda. Katiba ya mwaka 2003 ilivitambua Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Oktoba 2008 baraza la mawaziri liliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili nacho kikawa lugha rasmi. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, ofisi za Goma ziliendelea na Kifaransa.

Mabadiliko haya hujadiliwa kwa kawaida katika muktadha wa shule na mahakama. Yaliingia pia ndani ya kompyuta. Kila kompyuta yenye Windows ina mipangilio ya kieneo inayoamua tarehe iandikwe vipi, desimali itenganishwe kwa nukta au kwa mkato, na orodha itenganishwe kwa alama gani. Kompyuta iliyotoka Ubelgiji au Ufaransa aghalabu ilikuja na kanuni za Kifaransa. Iliyonunuliwa Kampala au Dubai ilikuja na kanuni za Kiingereza, mara nyingi cha Marekani. Ofisi moja iliweza kuwa na zote mbili, juu ya meza zilizopakana.

3. Hitilafu inayojitangaza

Aina ya kwanza ni hitilafu inayosimamisha kazi na kutoa ujumbe unaokaribia ukweli. Mfano rahisi ni njia ya folda. Katika Windows XP ya Kifaransa, folda ya nyaraka za mtumiaji iliitwa Mes documents, na hilo lilikuwa jina lake halisi kwenye diski. Msimbo ulioandikwa mahali ambapo folda hiyo inaitwa My Documents, na jina hilo likakaziwa ndani ya msimbo, haukuweza kupata faili ya takwimu katika kompyuta ya Kifaransa. Mtumishi aliambiwa kwamba njia haipo. Alikuwa na faili mbele yake, lakini programu iliitafuta kwa lugha nyingine.

Mifano mingine ilitokana na umri wa programu. Office 2010 ilikuwa ya kwanza kutolewa pia katika toleo la biti 64. Msimbo wa zamani uliokuwa ukiita huduma za Windows moja kwa moja ulikataa kuanza katika toleo hilo mpaka matamko yake yaandikwe upya. Toleo hilohilo la Access liliondoa kidhibiti cha kalenda ambacho fomu nyingi zilikitumia kuchagulia tarehe. Fomu iliyokuwa ikifanya kazi kwa miaka ikabaki na pengo mahali pa kalenda.

Hitilafu za namna hii huudhi, lakini zina uaminifu. Kazi inasimama, mtu anaomba msaada, na hakuna takwimu potofu inayoingia. Gharama yake ni muda, na mara nyingine ni ripoti iliyochelewa.

4. Hitilafu inayosingizia

Aina ya pili husimamisha kazi pia, lakini huelekeza lawama mahali pasipo. Msimbo wa Access hutegemea maktaba za programu zilizomo katika kompyuta, na orodha ya marejeleo ya maktaba hizo huhifadhiwa ndani ya faili. Tuseme mtayarishaji ameunganisha hifadhidata yake na Excel 2003 ili kutoa majedwali. Faili hiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta yenye Excel 2000, rejeleo moja halipatikani. Kinachofuata kinashangaza: programu haisemi kwamba Excel imekosekana. Inalalamikia amri za kawaida kabisa, kama ile ya kupata tarehe ya leo au ya kukata herufi za mwanzo za neno.

Sababu yake ni kwamba programu hutafuta maana ya kila jina kwa kupitia orodha ya marejeleo, na rejeleo lililokatika huvuruga utafutaji wote. Mtumishi aliyesoma ujumbe ule aliweza kuhangaika siku nzima na mstari usio na kosa lolote. Tiba ilikuwa ndogo: kufungua orodha ya marejeleo, kuliondoa lililokosekana, na kuandika upya sehemu ile ili Excel itafutwe wakati wa kazi badala ya kufungwa kwenye toleo moja.

Jambo la kihistoria hapa ni mwelekeo. Access iliweza kulipandisha rejeleo lenyewe kutoka toleo la zamani hadi jipya, lakini haikulishusha kutoka jipya hadi la zamani. Kwa hiyo faili iliyotengenezwa kwa mashine ya zamani ilielekea kufanya kazi kwenye mpya, na iliyotengenezwa kwa mashine mpya ilielekea kushindwa kwenye ya zamani. Kwa kuwa mashine mpya zilikuwa makao makuu na za zamani zilikuwa pembezoni, hitilafu ilisafiri katika mkondo uleule wa mamlaka: kutoka juu kwenda chini. Mtayarishaji alipoambiwa kwamba programu imegoma wilayani, alijibu kwa haki kabisa kwamba kwake inafanya kazi. Jibu hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliokuwa tatizo.

Hata kampuni kubwa haikusalimika. Mwaka 2011 Microsoft ilitoa pakiti ya kwanza ya masasisho ya Windows 7, iliyobadilisha maktaba ya ADO inayotumika kufikia hifadhidata. Programu zilizojengwa upya kwenye kompyuta zenye sasisho hilo zilishindwa kufanya kazi kwenye Windows za awali, ingawa hakuna mstari wa msimbo uliobadilishwa. Aliyesasisha kompyuta yake kwa nia njema aliwavunjia kazi wenzake wasiosasisha.

5. Hitilafu ya kimya

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aina ya tatu haitoi ujumbe wowote. Programu inaendelea, fomu inafunga, ripoti inachapishwa. Ila iliyomo si kweli.

Tuanze na uzito wa watoto wanaozaliwa. Shirika la Afya Duniani hutambua uzito mdogo wa kuzaliwa kuwa chini ya kilo 2.5. Katika kompyuta yenye kanuni za Kifaransa, mkunga au karani huandika 2,9. Ikiwa msimbo hugeuza maandishi hayo kuwa namba kwa amri ya Val, ambayo hutambua nukta peke yake, usomaji husimama kwenye mkato na jibu huwa 2. Mtoto mwenye afya anahesabiwa kuwa na uzito mdogo. Mwenye kilo 3,4 anakuwa wa kilo 3 na kubaki katika kundi sahihi, lakini wastani wa uzito unashuka. Katika kompyuta ya jirani yenye kanuni za Kiingereza, msimbo uleule unatoa majibu sahihi. Mtu anayelinganisha vituo viwili anaweza kuona tofauti ya lishe ya akina mama mahali ambapo kilichopo ni tofauti ya mkato na nukta.

Tarehe zina hila zaidi. Lugha ya maswali ya Access husoma tarehe iliyozungushiwa alama zake kwa mpangilio wa Marekani: mwezi kwanza, kisha siku. Mtumiaji wa Kifaransa huandika siku kwanza, na vivyo hivyo mtumiaji wa Kiingereza cha Uingereza ambacho Kenya, Uganda na Tanzania zimekirithi. Ikiwa msimbo unaunganisha tarehe na swali bila kuigeuza, tarehe 8 Machi, iliyoandikwa 08/03, huhifadhiwa kuwa 3 Agosti. Lakini 20 Machi, iliyoandikwa 20/03, huhifadhiwa sawasawa, kwa sababu hakuna mwezi wa 20, na programu hukisia kwa upole kwamba mtumiaji alimaanisha siku.

Upole huo ndio ulioficha kosa. Siku 12 za mwanzo za kila mwezi zinaweza kusomwa kwa namna mbili, jumla yake siku 144 kwa mwaka. Kati ya hizo, 12 hazina madhara kwa kuwa siku na mwezi ni namba moja, kama 5 Mei. Zinabaki siku 132, zaidi ya theluthi moja ya mwaka, ambazo kumbukumbu zake huhamia mwezi mwingine. Mtu akijaribu programu kwa tarehe ya 25, ataiona ni nzima. Na kwa kuwa mtayarishaji mwenye kompyuta ya mpangilio wa Marekani hakuweza kuliona kosa hili kwake, faili ilitoka mikononi mwake ikiwa imepita majaribio yote.

Ni muhimu kutambua kwamba kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza hakukulimaliza tatizo. Kulitibu lile la desimali, lakini Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani hakikubaliani kuhusu tarehe. Mshauri anayedhani kwamba lugha moja ya ofisi inaleta takwimu za aina moja anapaswa kulikumbuka hilo.

6. Njia ya kuchunguza

Mafundi wa ofisi walijifunza kutofautisha sababu kwa kulinganisha. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliita mbinu hiyo njia ya tofauti: ikiwa hali mbili zinafanana katika kila kitu isipokuwa kimoja, na tukio linatokea katika hali moja tu, basi kile kimoja kinahusika na sababu. Kompyuta mbili zenye faili ileile zilikuwa maabara ya njia hiyo.

Utaratibu wenye mafanikio ulikuwa na hatua zinazofuatana. Kwanza, kuhakikisha kwamba faili ni moja kweli, kwa kuinakili upya kutoka kwenye kompyuta inayofanya kazi. Pili, kulinganisha matoleo ya Windows na ya Office, pamoja na biti zake. Tatu, kufungua orodha ya marejeleo katika kompyuta zote mbili. Nne, kulinganisha mipangilio ya kieneo. Tano, kubadilisha jambo moja tu kwa wakati na kujaribu tena. Hatua ya tano ndiyo iliyorukwa mara nyingi. Fundi aliyesakinisha upya kila kitu aliirudisha kompyuta kazini, lakini alifuta ushahidi, na tatizo lilipotokea kwenye kompyuta ya tatu hakuwa na jibu.

Njia hii ina kikomo kimoja. Huanza pale mtu anapoona kwamba kitu kimeshindwa. Hitilafu ya kimya haimpi fundi sababu ya kuitwa. Huko ni mtafiti wa takwimu, si fundi, anayeweza kuigundua.

7. Kuhamia mtandaoni na mzigo uliohamishwa

Kebo za chini ya bahari zilibadilisha hesabu. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, ikifika Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS iliunganisha Mombasa na Fujairah mwaka huohuo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kenya ilieneza DHIS2 kitaifa mwaka 2011 kwa seva moja ya kati badala ya kusakinisha programu katika kila wilaya. Rwanda na Uganda zilifuata mwaka 2012, na Tanzania Bara ikakamilisha uenezaji wake mnamo 2013. Kwa mara ya kwanza msimbo uliishi mahali pamoja. Ukirekebishwa, umerekebishwa kwa wote.

Mafanikio hayo ni makubwa na hayapaswi kupuuzwa. Hata hivyo, takwimu za miaka iliyotangulia hazikutoweka. Pale zilipohamishiwa kwenye mfumo mpya, ziliingia kama zilivyo, na seva haina njia ya kujua kwamba 3 Agosti ilikuwa 8 Machi. Mfululizo wa takwimu unaoanza kabla ya 2012 na kuendelea baada yake una mshono katikati, na mshono huo unaweza kusomwa kimakosa kuwa mafanikio au maanguko ya sera. Kwa nchi ambayo, kuanzia mwaka 2006, ilieneza kitaifa utaratibu wa kulipa vituo vya afya kwa kuzingatia huduma zilizotolewa na kuhakikiwa, na ambayo uzoefu wake umeigwa na wengine, usahihi wa mfululizo huo si suala la wanahistoria peke yao.

Bahati njema, kosa la tarehe huacha nyayo. Chukua faili iliyofungwa tarehe 30 Juni. Ikiwa ina kumbukumbu za Julai hadi Desemba za mwaka huohuo, na zote ni za siku ya 1 hadi ya 6, siku na mwezi vimebadilishana: matukio ya siku ya 7 hadi ya 12 ya miezi ya Januari hadi Juni yamerushwa mbele. Kwa faili ya mwaka mzima, mtafiti alinganishe siku 12 za kwanza za kila mwezi na siku zinazofuata. Ikiwa mabadiliko ya msimu, kama kupanda kwa malaria wakati wa mvua, yanaonekana katika siku za 13 na kuendelea lakini yametawanyika katika siku za mwanzo, sababu inajulikana. Kwa desimali, uzito wote kuwa namba kamili bila sehemu ni dalili ya kutosha kuanzia uchunguzi. Pale ambapo daftari la karatasi bado lipo kituoni, lenyewe ndilo la kuamua.

8. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba hitilafu ya msimbo katika baadhi ya kompyuta inaweza kusomwa kama hati ya kihistoria. Inaeleza nani alipata vifaa vipya, vilitoka wapi, na ofisi iliandika kwa kanuni za lugha ipi. Kutokana na uchambuzi huo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na wanaoshauri serikali.

La kwanza ni majaribio. Programu ya umma isipokewe mpaka ijaribiwe kwenye kompyuta ya zamani kuliko zote miongoni mwa zile itakakotumika, kwa mipangilio ya Kifaransa na ya Kiingereza, na kwa tarehe zilizo chini ya siku ya 13. La pili ni kanuni ya kuhifadhi. Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilivyoelekeza tangu 1988, hata kama skrini inaonesha kwa desturi ya mtumiaji. La tatu ni kumbukumbu. Faili za Access zilizosalia katika ofisi za wilaya zisifutwe kwa sababu mfumo mpya upo, na zisihifadhiwe peke yake. Kila moja iambatane na maelezo ya toleo la programu, orodha ya marejeleo na mipangilio ya kieneo ya kompyuta iliyoitumia. Bila maelezo hayo, mtafiti wa miaka 30 ijayo atakuwa na namba asizoweza kujua zilisomwa kwa macho gani.

Mtoto aliyezaliwa Busasamana tarehe 8 Machi alizaliwa siku hiyo, vyovyote kompyuta ilivyosoma. Wajibu wa mfumo wa takwimu ni kumwandika mara moja, siku yake, na kwa uzito wake.